Kutoka Mumbai hadi Ajanta: mapango ya Kibudha ya Maharashtra, siku kwa siku

Maelezo haya yamepangwa baada ya kurudi nyumbani, kutoka kwenye daftari, risiti na picha zenye saa. Bei ni za Januari 2025. Wakati huo rupia moja ya India ilikuwa kama shilingi moja na nusu ya Kenya, na kwa shilingi ya Tanzania ilikuwa chini kidogo ya 30.

Wageni wengi hukimbilia Ajanta kwanza kwa sababu ndiyo yenye jina kwa picha zake za ukutani, kisha wakifika kwingine huona mawe matupu. Ratiba hii imegeuzwa makusudi. Mafundi walianza kwa kuiga nyumba za miti ndani ya mwamba, na ukiifuata miti hiyo tangu Bhaja, ukifika Ajanta na Ellora utajua unachokitazama. Kalenda nayo ina amri yake: Kanheri na Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora hufungwa Jumanne. Ukikosea hapo, hakuna wa kumbembeleza langoni.

Kabla ya kupanda ndege

Kadi ya homa ya manjano ndiyo inayowakwamisha watu wetu. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe amechanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania naye asiiache mezani, hasa kama ndege yake inapitia Nairobi au Entebbe. Viza ya mtandaoni iombwe kwenye tovuti ya serikali ya India peke yake. Tovuti za mawakala zinazofanana nayo ni nyingi, na hutoza ziada kubwa kwa kazi ileile.

Pesa taslimu bado inahitajika. Wenyeji hulipa kwa kupiga picha msimbo kwa simu, hata kwa muuza chai, na kwa hiyo muuzaji mara nyingi hana chenji ya noti ya 500. Tunza noti za 10, 20 na 50. Kabla ya kulipia hoteli uliza kama wanapokea wageni wa nje, maana hoteli hulazimika kupeleka taarifa za mgeni polisi na nyumba ndogo ndogo hukwepa usumbufu huo. Ni bora kuambiwa hapana kwa simu kuliko saa tano usiku mlangoni.

Ijumaa, 10 Januari: Kanheri

Treni ya mjini kutoka Churchgate hadi Borivali, daraja la pili, ni rupia 15. Asubuhi umati wa Mumbai unateremka kusini kwenda makazini, kwa hiyo anayepanda kaskazini hupata kiti. Jioni ni kinyume chake, na behewa la saa kumi na mbili si mahali pa mgeni mwenye begi mgongoni. Mabehewa ya wanawake yana alama. Mwanamume akipanda kwa bahati mbaya ataelekezwa kwa sauti ya behewa zima.

Kutoka Borivali upande wa mashariki, lango la Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi ni mwendo mfupi wa miguu. Ada ya hifadhi hulipwa hapo, na ya mapango hulipwa juu kivyake: rupia 300 kwa mgeni, 25 kwa Mhindi. Kati ya malango hayo mawili kuna kama kilomita 6 za msitu. Basi la hifadhi haliondoki mpaka lijae. Tulikaa dakika 40.

Kanheri ina mapango zaidi ya 100, yaliyochongwa kuanzia karne ya 1 kabla ya Kristo hadi karibu karne ya 10. Mengi ni chumba kimoja cha mtawa, kitanda cha jiwe, na baraza. Pango la 3 ndilo ukumbi mkubwa wa ibada, na kwenye ukumbi wake wa mbele wamesimama Mabudha wawili wa karibu mita 7 kila mmoja, wametazamana. Ukumbi wenyewe ni wa kuvutia, ila mkono wa fundi ni mzito. Ni nakala ya ukumbi wa Karla, tutakaouona Jumapili, iliyofanywa na mafundi wa chini kidogo.

Uzuri wa Kanheri uko kwenye maji. Angalia miguuni: mifereji myembamba imechongwa juu ya mwamba mzima, inakusanya mvua ya masika na kuipeleka kwenye birika lililochimbwa kando ya kila mlango. Kilima hiki hakina mto wa kutegemewa wakati wa kiangazi, na bila mabirika hayo watawa wasingeishi hapa karne kumi. Fuata mfereji mmoja kutoka juu hadi birikani na utaielewa nyumba nzima kuliko kuhesabu sanamu.

Kisha panda hadi pango la 90. Ukutani yuko Avalokiteshvara, mwokozi wa Kibudha, na kando yake zimechongwa hatari anazomwokoa mtu nazo: moto, simba, nyoka, tembo, wezi, pingu, na chombo kinachozama. Kanheri ilikuwa nyuma ya bandari za Sopara na Kalyan, na sadaka nyingi zilitoka kwa wafanyabiashara waliozijua pepo za kaskazi na kusi. Pango hilohilo lina maandishi ya Kipahlavi yaliyoachwa na wageni wenye asili ya Uajemi mwaka 1009 na 1021.

Njiani akina mama huuza matango na mapera yaliyopakwa chumvi na pilipili. Kula hapohapo walipo. Kima wa Kanheri wanaujua mfuko wa plastiki kwa mlio wake na hawaombi.

Jumamosi, 11 Januari: Lonavala na Bhaja

Treni ya Pune kutoka Dadar hadi Lonavala, kiti cha daraja la pili, haikufika rupia 100. Pale Karjat treni husimama ili ifungiwe injini za ziada za kuisukuma mlimani, na wauzaji wa vada pav, yaani kachori ya viazi ndani ya mkate, wanaujua muda huo vizuri. Shika pesa mkononi, nunua dirishani. Mama aliyekaa mbele yetu aliona tunasitasita kuhusu pilipili, akafungua kopo lake na kugawa chapati za uwatu kwa behewa zima, sisi tukiwa wa kwanza.

Kituo cha Bhaja ni Malavli, kimoja tu baada ya Lonavala, nauli rupia 5. Tatizo ni kwamba treni za karibu hukatika katikati ya mchana. Tulifika Lonavala saa tano na nusu, iliyofuata ilikuwa mbali, tukachukua bajaji moja kwa moja hadi chini ya kilima kwa rupia 350. Ukitaka ile ya rupia 5, fika mapema.

Bhaja ina mapango 22, ya karne ya 2 kabla ya Kristo, na hapa ndipo pa kuanzia somo. Ukumbi mkuu hauna ukuta wa mbele: ulikuwa wa mbao na umeoza, lakini matundu yaliyoshika mihimili yapo sakafuni na ubavuni. Ndani kuna nguzo 27 zenye pembe nane, na zote zimeinamia ndani kidogo. Simama katikati ulithibitishe hilo. Nguzo ya mti inayobeba paa la tao lazima iiname hivyo, la sivyo uzito wa paa utaisukuma nje. Nguzo ya jiwe iliyoachwa ndani ya mwamba haibebi kitu kinachosukuma, ingeweza kusimama wima. Fundi aliinamisha kwa sababu ndivyo alivyojua kujenga. Juu, dari ya jiwe imepigiliwa mbavu za mti halisi ambazo hazina kazi yoyote ya kubeba.

Hakuna sanamu ya Buddha kwenye ukumbi huu. Wakati huo aliashiriwa kwa stupa, kuba la jiwe lililo mwisho wa ukumbi. Kumbuka hilo, maana huko mbele utaona anavyojitokeza taratibu.

Tiketi 300. Bhaja inatazama magharibi: kuanzia saa nane mchana mwanga huingia hadi kwenye stupa. Usiondoke bila kuona vyumba vya upande wa kusini, penye kundi la stupa 14 na vihara, yaani makazi ya watawa, yenye picha zilizochongwa mwambani ambazo wengi huzisoma kuwa Surya, mungu wa jua, kwenye gari lake na Indra, mfalme wa miungu, juu ya tembo.

Jumapili, 12 Januari: Karla

Siku mbaya ya kwenda Karla ni Jumapili, na hatukuwa na nyingine. Mbele kabisa ya pango kuna hekalu la mungu wa kike, mama Ekvira, linaloheshimiwa sana na Wakoli, wavuvi wa Mumbai, na mwisho wa wiki familia nzima hupanda ngazi kama 350 na maua, nazi na ngoma. Foleni ya hekalu na foleni ya mapango ni mbili tofauti. Aliyetuona tumejipanga kwenye isiyo yetu alikuwa kijana mwenye mtoto mabegani, akatutoa na kutupeleka hadi dirisha la tiketi. Anayeweza, aende Jumatano au Alhamisi alasiri, kwa kuwa pango linatazama magharibi.

Ukumbi wa Karla una urefu wa karibu mita 38 na kimo cha mita 14, na ulikamilika mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo. Nguzo ni 37: 15 kila upande zenye wapanda tembo juu, na 7 nyuma ya stupa zilizoachwa bila pambo. Hizi haziinami tena. Kati ya Bhaja na Karla mafundi walikuwa wameliamini jiwe. Lakini tazama dari: mbavu za msaji bado zipo, na ni mti wa kale wenyewe, pamoja na mwavuli wa mti juu ya stupa. 

Soma nguzo pia, hata kama husomi Brahmi, maandishi ya kale ya India. Nyingi zina jina la aliyeitoa na mji wake, na wachache wanajiita Yavana, jina lililotumika kwa Wagiriki na watu wa magharibi. Hili halikuwa jengo la mfalme mmoja, lilikuwa la mchango, nguzo kwa nguzo.

Lonavala huuza chikki, kashata za karanga na ufuta, na hukaa mwezi mzima bila kuharibika. Jioni tulipanda treni ya kwenda Pune.

Jumatatu, 13 Januari: barabarani

Pune hadi Chhatrapati Sambhajinagar, mji ambao ramani na watu wengi bado huuita Aurangabad, ni kama kilomita 235. Basi la kawaida la umma lilikuwa karibu rupia 400 na ratiba ilisema saa tano na nusu. Tulitumia nane. Kesho yake ilikuwa Makar Sankranti, watu walikuwa wakirudi kwao, na kila stendi ilipakia. Kiti cha kununua mapema kipo, nasi tulikuwa nacho. Bila hicho ni kusimama.

Jumanne, 14 Januari: mapango ya Aurangabad

Kwa kuwa Ellora imefungwa Jumanne, siku hii ni ya mapango yaliyo nyuma ya Bibi Ka Maqbara, kaburi la mke wa Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, nasaba ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India. Bajaji kwenda, kusubiri na kurudi: rupia 450 baada ya kushuka kutoka 800. Sema mapema kwamba unataka makundi yote mawili, maana la mashariki liko kama kilomita moja kutoka la magharibi, na dereva hupenda kukusahaulisha hilo. Tiketi ni moja, 300.

Watu hawaji hapa, na wanakosa. Mapango mengi ni ya karne ya 6 na 7, baada ya Ajanta kunyamaza. Kwenye pango la 3, ndani ya chumba cha ndani, waumini wa ukubwa karibu wa mtu halisi wamepiga magoti mbele ya Buddha, kila mmoja na sura yake na msuko wake wa nywele. Kwenye pango la 7 yule Avalokiteshvara mwokozi amerudi kwa ukubwa, safari hii na hatari nane, na ndani yupo mcheza ngoma katikati ya wapigaji wa kike. Giza ni zito. Tochi ndogo inafaa hapa kwa sababu hakuna rangi ya kuharibu.

Mjini anga lilijaa tiara. Siku ya Sankranti watu hupeana tilgul, vidonge vya ufuta na sukari guru, huku wakikuambia uchukue kitamu na useme maneno matamu. Mlinzi wa mapango alitupa, dereva akatupa, na mzee wa duka la simu tulikoingia kununua salio akatujazia mfuko.

Msomaji wa Afrika Mashariki ajue pia kwamba mji huu aliuanzisha Malik Ambar mwaka 1610, kwa jina la Khirki. Alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akafika Dekani, nyanda za juu za India ya kati na kusini, na kupanda hadi kuwa waziri mkuu na jemadari aliyewasumbua Wamughal. Alifariki 1626, na kaburi lake liko Khuldabad, kilomita chache kutoka Ellora. Mifereji ya maji ya chini ya ardhi aliyoiasisi ilihudumia mji kwa karne nyingi. Jioni, kwa mla nyama, tafuta naan qalia kwenye mitaa ya Waislamu ya mji wa zamani: mchuzi wa nyama mwembamba wenye viungo vingi na mkate mkubwa laini.

Jumatano, 15 Januari: Ellora

Basi kutoka stendi kuu hadi Ellora ni kama kilomita 30 na saa moja. Teksi ya siku nzima ni rupia 2,000 hivi, na ina faida moja tu: unaweza kusimama Khuldabad. Tiketi 600 kwa mgeni, ikilipwa mtandaoni hupungua kidogo. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi.

Mapango yaliyo wazi ni 34, yamepangwa kutoka kusini kwenda kaskazini: 1 hadi 12 ya Kibudha, 13 hadi 29 ya Kihindu, 30 hadi 34 ya Kijaini. Lango linakutoa mbele ya namba 16, Kailasa, na umati wote unanasa hapo. Pinda kulia. Hadi saa tano asubuhi mapango ya Kibudha yalikuwa yetu na kundi moja la wanafunzi.

Namba 5 ni ukumbi mrefu wenye mabenchi mawili ya chini ya jiwe yanayokimbia urefu wote. Huenda watawa walikaa hapo kwa chakula au kisomo. Namba 6 ina Mahamayuri, mungu wa kike wa Kibudha, na tausi wake, na chini yake mtu mdogo anasoma kitabu mezani. Namba 12 ina ghorofa tatu, na kwa nje ni kavu kama ghala, ila ghorofa ya juu ina Mabudha saba kila upande wa ukuta wa nyuma. Magoti yajiandae, ngazi ni ndefu na zimelika.

Somo la mti linafungwa kwenye namba 10, ya karne ya 7. Ni ukumbi uleule wa Bhaja na Karla, una tao na stupa. Ila mbavu za dari sasa ni za jiwe, zimechongwa moja moja pamoja na mwamba, kuigiza mti ambao haupo tena. Wenyeji huliita pango la seremala. Na Buddha, ambaye Bhaja hakuwepo kabisa, hapa amekaa mbele ya stupa na miguu ikining'inia, mkubwa kiasi cha kuifunika. Panda kwenye roshani ya juu uziangalie mbavu kwa karibu. Mlezi wa pango akiona mnakaa kimya huimba sauti moja ndefu, na ukumbi humrudishia kwa sekunde kadhaa. Mpe rupia 20.

Kailasa si la Kibudha, ni hekalu la Shiva la karne ya 8, la mfalme Krishna wa 1 wa Warashtrakuta, lakini kulipita ni dhambi. Limechongwa kutoka juu kwenda chini, paa kwanza, msingi mwisho. Panda njia ya kilimani iliyo kando uone shimo lote kabla ya kuingia.

Tuliondoka saa tisa, tukarudi mjini, tukapanda basi la kwenda Fardapur kulala karibu na Ajanta. Kilomita 100, saa tatu, rupia chini ya 200. Konda aliandika jina la kituo kwenye karatasi na kumpa abiria wa kiti cha mbele atushushe, maana yeye angebadilishana zamu njiani.

Alhamisi, 16 Januari: Ajanta

Kulala Fardapur kunalipa. Magari ya watalii kutoka mjini hufika baada ya saa nne, na mapango hufunguliwa saa tatu. Magari yote husimama kwenye makutano ya barabara kilomita 4 kabla. Hapo unalipa ada ndogo ya huduma na kupanda basi la kwenda juu, kama rupia 30. Katikati kuna soko. Muuzaji anayekupa kipande cha jiwe linalong'aa "zawadi tu" atakungoja ukirudi, na duka lake atakuonyesha. Kataa kwa kicheko, usipokee. Tiketi ya mapango 600. Asiyeweza ngazi hubebwa kwenye kiti na wanaume wanne. Patana bei kabla ya kukaa.

Mapango 30 yamezunguka korongo la mto Waghora. Wimbi la kwanza, namba 9, 10, 12, 13 na 15A, ni la karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo. La pili ni la karne ya 5, wakati wa mfalme Harishena wa Wavakataka, na lilikwenda kwa kasi kisha likakatika ghafla baada ya kifo chake.

Anza na 1 na 2 kabla ya umati. Huingia watu 40 kwa wakati mmoja, viatu nje, mmweko wa kamera marufuku. Beba soksi nene, jiwe la Januari asubuhi ni baridi. Jambo la muhimu kuliko yote: ukiingia, simama bila kutazama chochote kwa dakika tano hadi kumi. Taa zimepunguzwa kwa makusudi na jicho lililotoka juani haliioni hata nusu ya rangi. Wanaotoka wakilalamika kwamba "picha zimefutika" ni wale waliokaa dakika mbili. Darubini ndogo kwa ajili ya dari inafaa kuliko kamera.

Pango la 1: kushoto mwa mlango wa madhabahu ni Padmapani, jina jingine la Avalokiteshvara, na yungiyungi mkononi, kulia ni mwenzake mwenye taji zito. Mwombe mlezi amwangaze Buddha wa ndani kutoka kushoto, kulia, kisha chini. Uso hubadilika kila mara. Pango la 2 lina dari iliyojaa matunda, bata na maua, na kikanisa cha Hariti, mlinzi wa watoto, ambacho chini yake mwalimu ameshika fimbo, wanafunzi wa mbele wanasoma na wa nyuma wanacheza. Mtu wa pwani atafute pale pango la 2 chombo cha milingoti mitatu chenye mitungi imepangwa ndani, katika kisa cha mfanyabiashara Purna.

Namna ilivyofanyika. Ukuta uliachwa na makovu ya patasi ili ushike. Ukakandikwa udongo uliochanganywa mchanga, pumba za mpunga na nyasi, kama ukuta wa nyumba ya miti na udongo kwetu, unene wa sentimita 2 au 3. Juu yake chokaa nyembamba, ikalainishwa. Mchoro wa kwanza ulipigwa kwa udongo mwekundu, rangi zikajazwa, na mstari mweusi au kahawia ukarudiwa mwisho. Nyekundu na njano ni udongo wa madini, kijani ni jiwe la hapohapo, nyeusi ni masizi ya taa, na buluu, isiyoonekana kwenye wimbi la kwanza, ni lapis lazuli iliyoletwa kutoka upande wa Afghanistan. Rangi ilipakwa kwenye lipu kavu kwa gundi, ndiyo maana haipatani na maji: unyevu unaoshuka kwenye nyufa za mwamba wakati wa masika huivimbisha lipu, na wadudu hula pumba zilizomo. Huko Ellora wachunguzi waliripoti mwaka 2016 kwamba lipu ilichanganywa na nyuzi za bangi, na wanadhani hilo ndilo lililowafukuza wadudu. Ajanta hawakuikuta.

Njano ile ya kung'aa juu ya baadhi ya picha si ya zamani. Kati ya 1920 na 1922 serikali ya Nizam, mtawala wa Hyderabad, iliwaleta mafundi wa Kiitalia waliozishika kingo za lipu zisidondoke, kazi iliyookoa mengi, lakini vanishi waliyopaka ilibadilika rangi kadiri miaka ilivyopita. Wahifadhi wa India wamekuwa wakiiondoa sehemu kwa sehemu.

Namba 10 ndiyo aliyoiona afisa wa Kiingereza John Smith akiwinda, 28 Aprili 1819, akachonga jina lake juu ya picha kwenye nguzo. Liko juu ya kichwa chako, kwa sababu alisimama kwenye kifusi. Namba 16 na 17 zina maandishi ya wafadhili, na 17 ndiyo yenye masimulizi marefu kuliko zote: ukuta mzima wa kulia ni kisa cha Simhala, meli iliyovunjika na kisiwa cha mazimwi wa kike. Namba 19 na 26 ni kumbi za ibada, tayari zina mbavu za jiwe. Ndani ya 26, ukuta wa kushoto, Buddha amelala kufa, mita 7 za mwamba mmoja, watawa wakilia chini yake.

Usirudi kabla ya namba 24. Haina picha, na waongozaji huipita bila kusimama, lakini hapo kazi imeachwa katikati na kila hatua inaonekana. Waliusawazisha uso wa jabali, wakatoboa juu, wakamaliza dari kwanza, kisha wakateremka wakiacha magogo ya mwamba yatakayokuwa nguzo. Jukwaa halikuhitajika, kwani sakafu ndiyo iliyoshuka. Ubaya wake ni kwamba kosa halina dawa: ukigonga ufa au tabaka jekundu laini kati ya lava mbili, huwezi kuhamisha ukuta. Namba 4, ambayo ingekuwa vihara kubwa kuliko zote, ilidondosha dari wakati wa kazi ikabidi wachonge tena juu zaidi. Utaona kimo hakilingani na ukumbi.

Panga saa tano kwa mapango, na moja ya kuvuka mto na kupanda kwenye kilele cha upande wa pili kuliona korongo lote. Maji ni ya kubeba.

Ijumaa, 17 Januari: Jalgaon

Kurudi Mumbai usipite tena Aurangabad. Kutoka kwenye makutano, mabasi ya Jalgaon hupita kila baada ya muda, kilomita 60, saa moja na nusu. Wilaya nzima ni migomba, na hotelini huliwa bharit, biringanya za kuchoma zilizopondwa na kitunguu na pilipili mbichi, kwa mkate wa mtama. Sahani ilikuwa rupia 150 na waliongeza bila kuulizwa.

Jalgaon iko kwenye reli kuu, treni za Mumbai ni nyingi, saa saba au nane. Shida ni kwamba nyingi hutoka mbali sana kaskazini, na Januari ukungu wa huko huzichelewesha. Yetu ilichelewa saa nne. Tiketi ikiandikwa WL bado huna nafasi. Ikiandikwa RAC una kiti cha kugawana na utapanda. Mgao wa dharura wa mabehewa ya kiyoyozi hufunguliwa saa nne asubuhi siku moja kabla, na huisha kwa dakika chache. Weka usiku mmoja kamili Mumbai kabla ya ndege ya kurudi, hata kama ratiba ya treni inasema utafika mchana.